Mkono wa Pongezi: Toleo la Kwanza la Kitabu cha Matthew Henson

Masimulizi ya safari za kwenda ncha za dunia yana kanuni zake kama ulivyo utanzu mwingine wowote wa fasihi. Aghalabu msimulizi huwa ni kiongozi wa safari. Nafsi yake ndiyo inayobeba njaa, baridi na ushindi. Na kitabu huchapishwa upesi baada ya msafiri kurejea ili taifa lake lijione humo. Ndivyo alivyofanya Fridtjof Nansen wa Norway katika Farthest North (1897), Robert Peary wa Marekani katika The North Pole (1910) na Roald Amundsen katika The South Pole (1912). Hata shajara za Robert Scott wa Uingereza, ambaye hakurejea, zilitolewa mwaka wa 1913 zikiwa bado ni sauti ya kiongozi. Wale waliofungua njia, waliojenga nyumba za theluji na waliowaongoza mbwa hutajwa, pengine hata kwa shukrani, lakini si wao wanaosimulia.

Katika safu hiyo ya vitabu kuna kimoja kilichokiuka kanuni. Mwaka wa 1912 kampuni ya Frederick A. Stokes ya New York ilichapisha A Negro Explorer at the North Pole, tawasifu fupi ya Matthew Alexander Henson, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Maryland tarehe 8 Agosti 1866, mwaka mmoja baada ya kumalizika kwa vita vilivyovunja utumwa nchini mwake. Kitabu hicho hakikupata wasomaji wengi wakati wake. Nakala za toleo la kwanza sasa ni adimu, na makao yao ni maktaba kubwa na makabati ya wakusanyaji wa vitabu vya kale. Wasomaji wengi wa leo wanakijua kupitia matoleo ya baadaye, likiwemo lile la mwaka 1989 la University of Nebraska Press, ambalo liligeuza jina la kitabu na kuweka neno Black mahali pa Negro. Mageuzi hayo yanaeleweka, kwani neno la zamani lilikuwa limekwisha kuwa chungu masikioni. Hata hivyo, toleo la kwanza lina jambo la kumfundisha mhakiki ambalo halionekani upesi katika nakala iliyosafishwa. Linaonyesha ni kwa masharti gani mtu wa aina ya Henson aliruhusiwa kusema, na ni kwa njia gani alisema hata lile ambalo hakuruhusiwa.

Msomaji anayelifungua toleo hilo hakutani na Henson moja kwa moja. Hukutana kwanza na dibaji ya Peary, kisha na utangulizi wa Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee. Ni mfano wa nyumba yenye kumbi mbili: mgeni hawezi kumfikia mwenye nyumba mpaka awapite mabawabu wawili, na kila bawabu ana maneno yake juu ya mwenye nyumba huyo.

Dibaji ya Peary ni ya ukarimu. Inamsifu Henson kwa ustahimilivu, na inadai kuwa rangi, nasaba na malezi si kizuizi kwa moyo ulioazimia. Lakini dibaji hiyo haina budi kusomwa sambamba na kitabu cha Peary mwenyewe, kilichotolewa na kampuni hiyo hiyo miaka miwili kabla, kikiwa na utangulizi wa Theodore Roosevelt. Humo Peary alieleza kwa nini alimchukua Henson hadi mwisho wa safari badala ya mmoja wa wasaidizi wake Wazungu. Alikiri kwamba Henson alikuwa hodari mno wa kuendesha sleji zinazokokotwa na mbwa, akamwita sehemu ya mtambo wake wa kusafiria, kisha akasema kwamba kama angemrudisha nyuma na kikosi chake, Henson asingeweza kukifikisha nchi kavu salama kama Wazungu wangeweza, kwa kuwa hakurithi katika damu ujasiri wala uwezo wa kujiamulia. Ilhali Peary huyo huyo alikuwa amemkabidhi Henson kikosi cha kutangulia na kufungua njia juu ya barafu mwaka wa 1906, na tena mwaka wa 1909. Mtu mmoja, mchapishaji mmoja, kauli mbili zinazopingana: katika kitabu cha bwana damu inaamua kila kitu, katika kitabu cha msaidizi damu haiamui lolote. Tena dibaji inamwita Henson mwana wa nchi za joto, ingawa Maryland ni nchi inayoanguka theluji. Hata sifa, kumbe, zilihitaji kwanza kumhamisha mtu kutoka kwao.

Utangulizi wa Washington una haja nyingine. Unamweka Henson katika mlolongo wa watu weusi waliofuatana na wavumbuzi wa Kizungu wa bara la Amerika, na unatoa funzo kuhusu uaminifu, bidii na ujuzi wa kazi za mikono. Funzo hilo lilikuwa na thamani yake kwa kizazi cha Wamarekani Weusi kilichokuwa kikitafuta ushahidi wa uwezo wake. Lakini nalo linamtumia Henson kama mfano kabla hajapata nafasi ya kuwa mtu.

Mpangilio huu si mgeni kwa wasomi wa fasihi ya Kiswahili. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliotolewa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1901, mna masimulizi ya Selim bin Abakari kuhusu safari ya mwaka 1896 ya Urusi hadi Siberia, aliyokwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Hapo pia mtumishi ndiye anayesimulia safari ya bwana, na maneno yake yamemfikia msomaji kwa mkono wa mhariri wa Kizungu. Wala desturi ya mabawabu haikuisha karne ya ishirini ilipokomaa. Tété-Michel Kpomassie wa Togo, aliyefika Greenland katika miaka ya 1960, alipochapisha L'Africain du Groenland mwaka wa 1981, kitabu chake nacho kilitanguliwa na dibaji ya Mfaransa Jean Malaurie. Swali linalozuka kwa maandishi ya namna hii ni moja: je, sauti iliyopita katika malango ya wengine inabaki kuwa ya mwenyewe?

Jibu la Henson linapatikana katika simulizi lenyewe. Henson alifiwa na wazazi angali mdogo, akawa mtumishi melini akiwa mvulana, na mwaka wa 1887 alikuwa akifanya kazi katika duka la kofia mjini Washington, ambako Peary alimkuta na kumwajiri kwa safari ya Nicaragua. Tangu mwaka 1891 walikwenda pamoja kaskazini mara baada ya mara. Katika miaka hiyo Henson alijifunza lugha ya Wainughuit wa Greenland ya kaskazini-magharibi kwa ufasaha ambao Peary hakuufikia, akajifunza kuunda sleji, kuwinda na kuendesha mbwa kama wenyeji. Katika safari ya mwisho, iliyoanza New York mwezi Julai 1908 kwa meli ya Roosevelt, alibeba vitabu: Biblia, Bleak House cha Charles Dickens, mashairi ya Rudyard Kipling na ya Thomas Hood, pamoja na vitabu vya Peary mwenyewe. Orodha hiyo haitakiwi kupitwa haraka. Aliyesawiriwa kama sehemu ya mtambo alikuwa msomaji, na miongoni mwa aliyoyasoma gizani mwa majira ya baridi ni vile vitabu ambamo yeye ni mhusika katika simulizi la mwingine.

Mwanzoni mwa Machi 1909 kikosi kiliondoka Cape Columbia, kaskazini kabisa mwa Kanada, kikiwa na watu 24, sleji 19 na mbwa 133. Vikundi vya msaada vilirudishwa nyuma kimoja baada ya kingine. Wa mwisho kurudishwa alikuwa Kapteni Bob Bartlett, tarehe 1 Aprili. Waliobaki ni sita: Peary, Henson na Wainughuit wanne, ambao ni Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Henson anazieleza siku hizo kwa nathari kavu ya mtu wa kazi: sleji imevunjika, imefungwa upya, maji yamejitokeza katikati ya barafu, yamezungukwa, mbwa wamechoka. Hata pale anapotumbukia katika maji hayo na kuponea chupuchupu kwa sababu Ootah alimkamata ukosini na kumvuta, haongezi chumvi. Anamshukuru Ootah na kuendelea. Katika utanzu unaopenda kishindo, nathari hii inaweza kudhaniwa kuwa ni ya mtu asiyejua kuandika. Sivyo. Ni ya mtu asiyeruhusiwa kujikweza, ambaye amegeuza katazo hilo kuwa mtindo.

Kilele cha kitabu ni mwanzoni mwa Aprili 1909. Peary ameshika jira na kutazama jua, na kazi imekwisha. Hapo Henson anavua glavu ya mkono wa kulia na kumwendea Peary ili ampe mkono wa pongezi kwa jitihada za miaka kumi na minane waliyoipitia pamoja. Mkono haupokewi. Kwa maelezo ya Henson, upepo ulivuma ukamtia Kamanda kitu jichoni, au pengine ni maumivu ya kulikodolea macho jua kwa muda mrefu yaliyomfanya ageuke. Akiwa ameyafunika macho kwa viganja vyote viwili, Peary akaamuru asiachwe alale zaidi ya saa nne.

Msomaji makini hawezi kulipita neno "au" katika maelezo hayo. Msimulizi anatoa sababu mbili kwa tendo moja, na shahidi akitoa sababu mbili pale ambapo moja ingetosha, huwa anakiri kwamba hana hakika na yoyote. Hasemi kwamba alidharauliwa. Hasemi pia kwamba hakudharauliwa. Katika adabu ya Waswahili kuna kitendo kinachojulikana kama kusitiri, yaani kumfunika mtu aibu yake hata kama aliyeumizwa ni wewe. Henson anamsitiri Peary, lakini kitambaa anachomsitiria ni chepesi, na aliyefunikwa anaonekana. Kama angetaka kulificha tukio hilo, njia rahisi ilikuwa kuliacha. Hakuna mtu mwingine ambaye angelisimulia. Kuvua glavu katika baridi ile si jambo dogo kwa mtu aliyekaa Aktiki miaka mingi. Kuliandika miaka mitatu baadaye, katika kitabu chenye dibaji ya mtu aliyegeuka, ni jambo kubwa zaidi.

Kwamba hili si la bahati kunathibitishwa na sehemu nyingine inayofuata. Walipokwisha kurudi melini, Henson anaeleza, karibu majuma matatu yalipita Peary asimwambie neno. Alimwona kwa mbali tu. Na alipomsemesha hatimaye, ilikuwa kumpa kazi, bila hata kidokezo kuhusu kule walikotoka. Hapa hakuna upepo wala jua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kitabu hiki kinauacha mshindo huo usikike bila kuufasiri.

Kati ya mkono na kimya kuna aya ambayo imewagawa wasomaji. Bendera inapopepea, Henson anatafakari kwamba tangu kujengwa kwa piramidi, na tangu njia ya Msalaba, hadi kufikiwa kwa bara la Amerika na sasa Ncha ya Kaskazini, kila kazi kubwa ya ulimwengu iliyofanywa na mzungu ilifanywa mtu mweusi akiwa sahibu yake mwaminifu. Wako watakaoona hapa utiifu unaosikitisha: mtu aliyefika mwisho wa dunia anajiridhisha na nafasi ya kufuatana na mwingine. Usomaji huo una msingi, kwani maneno ya Henson yanafanana na funzo la Washington. Lakini aya hiyo hiyo ina upande wa pili. Ikiwa hakuna kazi iliyofanywa na mzungu peke yake, basi ile nafsi ya kwanza umoja inayotawala utanzu wa safari za barafuni haina ukweli wowote. Kauli ya unyenyekevu inaondoa nguzo iliyoishika nyumba nzima.

Yamkini mtu akasema kwamba hii ni kuyabebesha maneno mzigo usio wao. Kwamba Henson alimpenda Peary, alimsifu kitabuni kote, na hakukusudia fumbo. Pingamizi hilo linastahili heshima. Upendo wa Henson kwa Peary ulikuwa wa kweli, na hakuna haja ya kumgeuza kuwa mwasi ili apate thamani. Lakini haifai kusahau kwamba watu wa msafara walifungwa na mapatano ya kutochapisha wala kuhutubu bila idhini ya Peary. Kitabu hiki kilitegemea ridhaa. Uaminifu na jeraha vimekaa humo pamoja, na uzito wa kitabu uko katika kukaa huko. Mhakiki anayeondoa kimojawapo ili kingine kionekane safi anakuwa bawabu wa tatu.

Haki inadai pia yatazamwe yale ambayo Henson mwenyewe aliyanyamazia. Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah walifika alikofika yeye, lakini hawana kitabu, hata chenye dibaji ya mtu mwingine. Henson aliwapa nafasi kubwa kuliko waandishi wengi wa wakati wake. Nyongeza ya kitabu ina maelezo juu ya Wainughuit pamoja na orodha ya majina yao, na kuandika majina ya watu wa kawaida ni tendo la heshima. Hata hivyo wanabaki kuwa watu wanaosimuliwa. Zaidi ya hayo, mwaka wa 1906 Henson alipata mtoto wa kiume, Anaukaq, kwa mwanamke Mwinughuit aliyeitwa Akatingwah. Peary naye alikuwa na mwana huko, Kali. Simulizi la 1912 halimtambulishi Anaukaq kama mwana wa mwandishi. Ulimwengu wa nje ulikuja kupata habari zao kwa upana baada ya mwaka 1986, S. Allen Counter wa Chuo Kikuu cha Harvard alipowakuta wazee hao wawili Greenland. Mwaka uliofuata walizuru Marekani na kukutana na jamaa zao. Yule aliyenyimwa neno na bwana wake naye aliwanyima neno wengine, pengine kwa aibu, pengine kwa kujilinda. Hilo halimpunguzii Henson ushahidi wake. Linaonyesha tu kwamba kila shahidi ana mlango anaoufunga mwenyewe.

Picha mashuhuri ya siku ile inayasema haya kwa namna yake. Watu watano wamesimama juu ya kilima cha barafu wakiwa na bendera, Henson akiwa katikati na Wainughuit wawili kila upande. Peary hayumo kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera. Katika kitabu cha Peary, aliye nyuma ya kamera ndiye mwenye tukio. Katika kitabu cha Henson, waliomo pichani wanaanza kumtazama yule anayewapiga picha.

Kuhusu iwapo mahali pale palikuwa Ncha ya Kaskazini kweli, mabishano hayajakwisha. Frederick Cook alidai kuwa amekwisha kufika tangu Aprili 1908. Bartlett alipogeuka, hapakubaki mtu mwingine wa kuhakiki vipimo vya Peary. Mwaka wa 1989 Wally Herbert, ambaye mwenyewe alivuka barafu ya kaskazini kwa miguu na mbwa, alihitimisha katika The Noose of Laurels kwamba Peary hakufika. Henson naye alidai katika mahojiano ya baadaye kwamba ndiye aliyetangulia siku ile, ingawa kitabu chake hakikulifanya dai hilo kuwa hoja. Mabishano hayo ni ya wanajiografia. Kwa mhakiki wa fasihi, ushahidi wa kitabu hiki hautegemei digrii za latitudo. Hata kama bendera ilisimikwa kilomita nyingi kando ya ncha, mkono ulitolewa, na haukupokewa.

Yaliyofuata yanajulikana. Peary alipandishwa cheo hadi kuwa admirali. Henson aliajiriwa na ofisi ya forodha ya New York mwaka 1913 akiwa tarishi, akastaafu akiwa karani mwaka 1936. Chama cha Explorers Club kilimpokea mwaka 1937, na mwaka 1944 Bunge la Marekani liliidhinisha medali kwa wasaidizi wa Peary, yeye akiwemo. Alifariki tarehe 9 Machi 1955 na kuzikwa katika makaburi ya Woodlawn, New York. Tarehe 6 Aprili 1988, kwa juhudi za Counter, mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na Peary. Mwaka wa 2000 shirika la National Geographic likampa Medali ya Hubbard, ambayo Peary aliipata mwaka 1906 na Bartlett mwaka 1909.

Heshima hizo ni njema, lakini hazimwondolei msomaji wajibu wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema Waswahili, na haki ya mwandishi si medali, ni kusomwa. Wanafunzi wa tawasifu, hasa wale wanaochunguza maandishi ya watumishi, wapagazi na wakalimani wa enzi za uvumbuzi na ukoloni, wangefaidika wakianza na kitabu hiki katika sura yake ya 1912, pamoja na jina lake linalokera na dibaji zake zinazopingana na historia. Wayasome malango kwa makini kama wanavyoisoma nyumba. Kisha wafike kwenye ukurasa ambao mtu anavua glavu, wajiulize kwa nini aliona ni lazima jambo hilo liandikwe, na wasiharakishe kulijibu swali hilo kwa niaba yake.